Jina Nisiloweza Kulitaja

Mlioniacha nimekaa juu ya gunia la mchele kwa Tekla, pale Mwanjelwa, niko hapo hapo. Sijasogea, maana sikuwa na pa kusogelea. Na wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia maandazi, ngoja nikudokeze kidogo ili twende pamoja.

Mwaka 1956 mume wangu, Ezekia, alikufa kwa homa ya mapafu kwetu Rungwe. Matanga hayajapoa, wakubwa wa ukoo wakaamua nirithiwe na mdogo wake, Yotamu. Yotamu alikuwa na wake wawili na hasira za wanaume wanne. Nikakataa. Baba mkwe akaleta ujumbe: kama hataki aende zake, lakini mtoto abaki. Kwetu mtoto ni wa ng'ombe. Aliyetoa ng'ombe wa mahari ndiye mwenye mtoto. Nikambeba Damari wangu, wa miaka sita, nikatoroka naye hadi Mbeya.

Hayo mmekwisha kuyasoma, na baadhi yenu mmeniandikia kunitukana. Ahsanteni. Naona hamjaacha kusoma.

Tekla ndiye aliyenipokea. Ni Mhehe, mcheshi, muuza mchele wa Ubaruku. Mumewe, Danieli, alikuwa dereva wa lori la kutengeneza barabara. Kabla ya kuolewa Tekla alikuwa mpishi katika shule moja ya misheni, shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Iringa.

Siku hiyo alikuja mbio, ungo wa mchele bado uko mkononi.

“Mama Damari! Kule shuleni wanatafuta metroni. Mjane, anayejua kusoma, Mkristo. Si wewe huyo?”

“Na mtoto?”

“Metroni anapewa chumba. Mtoto wake anasoma hapo hapo. Na pale hakuna wa kuja kumtoa mtoto hivi hivi. Hata chifu anasimama getini, anaomba.”

Niwaambie ukweli. Mimi sikuitaka kazi. Nililitaka lile geti.

Siku hizi mnasema usaili, na nasikia wapo watu wanaolipwa kuwafundisha vijana namna ya kujibu. Sisi tulisema tu kwenda kuulizwa, na mwalimu wangu alikuwa Tekla. Alifunga kibanda mapema, akageuza debe akalikalia, akavaa miwani ya Danieli ya kuzuia vumbi.

“Mimi ndiye Bibi Mkuu. Ingia.”

Nikaingia. Nikapiga magoti, nikaangalia chini, nikasalimu.

“Toka nje. Ingia tena. Unapiga magoti, hapa kwa mkweo? Bibi Mkuu akiona mtu anaongea na sakafu anasema huyu kaiba, au yuko mbioni kuiba. Nitazame machoni.”

Nikamtazama.

“Hilo ni sikio.”

Nikajaribu tena.

“Hiyo ni pua, dada. Umekaribia.”

Msicheke. Mimi nimelelewa Unyakyusa. Mwanamke mwenye adabu hamkodolei mtu macho, na mwanamke aliyeolewa ndiyo kabisa. Lakini nilikaza moyo. Nikafanya mazoezi kwa wateja wa Tekla, nikiwapimia mchele huku nimewatumbulia macho. Bwana mmoja akaniuliza, “Dada, tunajuana?” Mwingine akasahau mchele wake akaondoka.

Maswali mengine nilianza kuyaweza.

“Msichana akilia usiku, anataka kwao, utafanyaje?” Danieli aliuliza. Yeye alijifanya mchungaji, kakaa juu ya gunia na kitabu cha nyimbo kifuani.

“Nitamwambia hata mimi nataka kwetu.”

“Ala! Shemeji, hapo mtalia wawili. Sema utakaa naye mpaka alale.”

“Nitakaa naye mpaka alale.”

“Vizuri. Mume wako alikuwa mtoto wa nani?”

Nikanyamaza.

Danieli akadhani sijasikia. Akarudia kwa sauti ya mimbarini.

“Hilo lazima waulize,” Tekla akasema, akavua miwani. “Hawachukui mwanamke asiyejulikana ukoo wake. Ukishindwa kumtaja mzee wa nyumba watasema mtoro huyu. Sema tu, mama Damari. Ni jina.”

Ni jina. Mhehe anaweza kusema hivyo.

Kwetu tuna kitu kinaitwa kutila. Ni heshima, na ni hofu pia. Mke hamtazami baba mkwe. Hasemi naye, hakai alipo, halitaji jina lake hata akiwa peke yake jikoni. Mzee akitokea njiani unaingia majanini, unajitanda nguo kichwani, unachuchumaa mpaka apite. Naye anakukwepa vilevile, anageuza uso upande wa pili. Nilikaa katika nyumba yao tangu harusi mpaka msiba na sura ya mzee yule sikuijua. Nilikijua kikohozi chake. Kikisikika, nilikuwa nimekwisha kuchuchumaa kabla sijafikiri.

Wakristo wengine walianza kuiacha desturi hiyo. Mchungaji anawaita mke na baba mkwe, wanapeana mikono mbele yake, yamekwisha. Nasi tulipangiwa siku yetu, baada ya mavuno. Ezekia akafa kabla ya mavuno.

Na jina lenyewe liko kwenye Biblia. Likisomwa kanisani nilikuwa natoka nje, najifanya mtoto kanililia. Hata hapa gazetini siliandiki. Mhariri ameniomba, nimemwambia abuni lake.

“Jaribu kidogo,” Tekla akanibembeleza. “Anza na herufi ya kwanza.”

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Jasho likanitoka, ulimi ukawa mzito mdomoni. Tekla akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaona machozi yangu akaacha.

Danieli ni mtu mwema. Msaada wake ndio ulioniua. Kesho yake, bila kutuuliza, alikwenda sokoni walipo wauza ndizi kutoka Rungwe. Jioni akarudi kifua mbele.

“Shemeji, jina nimelipata!”

“Usiliseme!”

“Nimempata Jailos, muuza ndizi. Kumbe mzee wako anajulikana sana, mzee wa kanisa.”

“Ulimuulizaje?” Tekla akadakia.

“Nilimuuliza kiungwana. Nikasema yupo mkwewe hapa, anakwenda kuulizwa kazi Iringa, shule ya misheni, Jumatatu ijayo, sasa tunataka jina la mzee.”

Tekla akaweka mwiko chini.

“Danieli. Ukamwambia na siku?”

“Si alitaka kujua ni ya nini.”

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Mdomo ulikuwa wa Danieli, kichwa kilikuwa changu.

Na jina lenyewe tungelifanyia nini? Atakayeulizwa ni mimi, si Danieli. Tulikaa pale tumeduwaa, mchele unaungua. Ndipo Damari, ambaye alikuwa anachezea punje chini ya debe, akainua kichwa.

“Mimi najua jina la babu,” akasema. Akalitaja lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti safi. Mimi nikaziba masikio.

Tekla akaruka. “Basi! Mtoto ataingia na wewe. Wakiuliza, mtoto ataje. Wajukuu hawakatazwi?”

“Hawakatazwi.”

“Yamekwisha!”

Hivi ndivyo nilivyomchukua mtoto wangu mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe, nikampeleka Iringa. Nilikuwa nimepanga kumwacha Mbeya, amefichwa kwa dada yake Danieli. Nikitaka kujipiga kofi hata leo huwa naanzia hapo.

Danieli alikuwa anapeleka lori Iringa kutengenezwa, akatuchukua mbele, Tekla naye akaja. Njia nzima tulifanya mazoezi. Tekla aliuliza, mimi nilijibu, na likifika swali la ukoo nilimgusa Damari begani, naye akalitaja jina. Nikafikiri, haya mambo yanawezekana. Moyo wangu ulikuwa haujafikiri hivyo tangu msiba.

Nyololo tulisimama kunywa chai. Basi la kutoka Mbeya lilitupita, halikusimama. Damari akavuta nguo yangu.

“Mama, nimemwona babu kwenye basi.”

“Usiwe mwongo.”

“Nimemwona. Amefunga shuka shingoni.”

“Wazee wote wanafunga shuka shingoni, huku ni baridi. Kunywa chai.”

Mtoto akanywa chai yake. Ni mtoto mtiifu, hajui kubishana.

Jumatatu asubuhi tulifika shuleni. Baridi ya Iringa siku hiyo ilikuwa ya kukata masikio. Tekla akampeleka Damari bombani kumwosha vumbi miguuni, mimi nikapanda barazani peke yangu. Wanawake wengine wawili walikuwa wanangoja, wamesimama karibu na dirisha. Penye benchi alikaa mzee, shuka limemfunika mpaka puani, kofia imeshuka mpaka nyusini. Yalibaki macho tu.

Nikajiambia moyoni: Tusekile, huyu ni wa kujaribia. Labda ni baba wa mchungaji. Nikasimama sawasawa, mikono pembeni. Nikamtazama machoni, barabara, sikupepesa.

“Shikamoo, baba.”

Mzee akashtuka kidogo. Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu ya safari.

“Marahaba.”

Akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. Nikakaa. Tukakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka mzee akainuka kwenda kunyoosha miguu nyuma ya jengo, nami nikaitwa. Nilikuwa nimejaa furaha. Nilitamani Tekla angeniona.

Chumba kilikuwa kidogo. Mlango mmoja tu, ule wa barazani, na dirisha lenye wavu. Nyuma ya meza alikaa Bibi Mkuu, Mzungu mnene mwenye sauti ya upole, na kando yake mchungaji wa Kibena. Tekla alibaki nje dirishani. Damari aliingia nami, miguu inang'aa.

Niliwajibu, wasomaji wangu! Niliwajibu mpaka nikajishangaa. Bibi Mkuu akiuliza, macho yangu kwake. Mchungaji akiuliza, macho yangu kwake. Msichana akilia usiku, nitakaa naye mpaka alale. Akikataa kula, nitamuuliza kwao wanakula nini. Bibi Mkuu akamwambia mchungaji, “Huyu haogopi.” Nilimsikia.

“Na mume wako, mama,” mchungaji akauliza, “alikuwa mtoto wa nani?”

Nikamgusa Damari begani.

“Mtoto atasema,” nikajibu. “Kwetu mimi siruhusiwi.”

Bibi Mkuu akashangaa, lakini mchungaji akatabasamu. “Hata kwetu Ubena yapo kidogo. Haya, binti, sema.”

Damari akavuta pumzi kama tulivyomfundisha, akalitaja jina la babu yake, lote, kwa sauti ya kufika barazani.

Nje mtu akakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Magoti yalianza kukunjika yenyewe.

“Ndimi,” sauti ikasema mlangoni.

Tekla alikuwa amenifundisha jambo moja kwa wiki nzima: anayesema, mtazame. Nikageuka, nikamtazama. Shuka lilikuwa limeshuka shingoni na kofia iko mkononi. Macho yalikuwa yale yale mekundu. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Nilikuwa nimemsalimia usoni mchana kweupe, bila kupepesa, na nikajisifu.

Kilichofuata sikukifanya mimi, mwili ndio uliofanya. Nilijikuta chini nyuma ya kiti, nimechuchumaa, kanga kichwani, uso ukutani.

“Babu!” Damari akaita kwa furaha. Nikasikia nyayo zake zikikimbia. Mtoto ana kosa gani? Babu yake ni babu yake.

“Kuna nini?” Bibi Mkuu akauliza. “Anaumwa?”

Mzee naye alikuwa ametugeuzia mgongo, nilijua kwa jinsi sauti yake ilivyotoka. Aliongea na baraza.

“Mchungaji, mimi nimetoka Rungwe. Niliambiwa mke wa marehemu mwanangu atakuja hapa leo. Nimekaa hapo benchi toka alfajiri, nangoja mwanamke atakayejifunika akiniona. Hakuja. Amekuja huyu, kanisalimia macho makavu, kakaa karibu yangu tukagusana mabega. Nikasema moyoni huyu ni mtu wa mjini. Mkwe wangu mimi hawezi kunitazama. Kama ndiye huyu, basi mkwe sina.”

Niliisikia aibu yake, wasomaji, aibu ya mzee mzima. Hilo ndilo lililonimaliza. Angetukana ningemchukia, nikapata nguvu.

“Kazi mpeni,” akaendelea. “Mimi sikuja kuzuia kazi. Mtoto ni wa Ezekia, na Ezekia ni wangu. Mtoto nakwenda naye.”

“Hapana, hapana,” Bibi Mkuu akasema. “Mama yake yupo hapa.”

Mchungaji akaja mpaka nyuma ya kiti, akainama. Alisema taratibu, kwa huruma.

“Mama, nisikilize. Neno moja tu. Sema hapana. Ukisema hapana mbele yetu, mtoto huyu hatoki kwenye geti la shule.”

Neno moja! Nililokuwa nimelifuata kutoka Mbeya lilikuwa limefika mkononi. Geti lile lile. Nikafungua mdomo chini ya kanga. Mzee alikuwa mlangoni, hatua chache tu, anasikia hata pumzi yangu. Tangu niolewe hakuna neno langu hata moja lililopata kufika masikioni mwake, ila ile shikamoo ya barazani. Sauti haikuja.

Tekla alipiga wavu wa dirisha kwa ngumi. “Sema, mama Damari! Tusekile! Jamani, si tulifanya mazoezi!”

Tulifanya mazoezi ya kila kitu. Hilo hatukulifanya.

“Mama,” mchungaji akasema tena, “ukinyamaza, sisi tutajua umekubali.”

Nilimfinya mchungaji mguu, nikitumaini ataelewa. Alidhani namwomba aondoke. Akaondoka.

Nikawasikia wananong'ona mezani. Nikasikia kalamu. Halafu Bibi Mkuu akaja mwenyewe, akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa huruma.

“Pole sana, Bibi Tusekile. Ni vizuri mtoto akue kwao. Umejibu vizuri kuliko wote. Kazi ni yako.”

Viatu vya mzee vikaanza kusogea mlangoni. Niliinua pembe ya kanga nikaona miguu ya Damari, misafi, inatembea kando ya miguu yake. Mlango ulikuwa mmoja tu, na yeye alikuwa bado hajatoka katika kizingiti chake. Nisingeweza kupita hapo hata chumba kingekuwa kinaungua.

Damari akasimama.

“Babu, na mama?”

Mzee akakohoa. Mwili wangu ukainama tena, wenyewe, mpaka paji la uso likagusa sakafu.

“Mama yupi?” akamjibu.